Watu wa Maji ya Hisabu

Wasimulizi wa Oman wana hekaya ambayo hawachoki kuieleza, kwamba Nabii Suleiman bin Daud, alipokuwa akichukuliwa na upepo pamoja na jeshi lake, aliiona ngome ya Salut iliyoko upande wa Bahla, akateremka kuitazama, na kwa kuwa aliikuta nchi ile ardhi yake njema na watu wake wana kiu, alikaa humo siku kumi, na kila siku akawaamrisha majini wachimbe mifereji elfu, hata alipoupanda tena upepo wake akawa amewaachia wenyeji falaji elfu kumi. Wataalamu wa mambo ya kale wana kauli nyingine, nao wana haki yao, kwa maana mifereji ile ilichimbwa na mikono ya wanaadamu, baba akiianza na mjukuu akiimaliza. Lakini aina ile ya falaji inayotoa maji yake chini kabisa ya ardhi huitwa daudi hata hivi leo, na wanaoiita hivyo wanajua fika wanamkumbuka nani. Mimi hekaya hii huipenda si kwa ajili ya majini bali kwa ajili ya zile siku kumi. Walioitunga hawakuona muhali wowote kwamba mgeni wa siku chache aweza kuipenda nchi ambayo hakuzaliwa ndani yake, akaifanyia mambo ambayo wenyewe hawakuyawahi, kisha akaenda zake.

Habari ninayokusudia kuieleza ni ya mgeni mwingine, ambaye upepo wake ulikuwa wa matanga, na muda wake kiasi cha miezi mitatu, na mji alioupenda ni Unguja. Waandishi walio wengi huianzia habari hiyo bandarini, pale nanga ilipotiwa, na kwa hiyo hueleza vizuri mno faida aliyoipata mtu yule na hawaelezi kiu aliyokuja nayo. Mimi naona yapasa ianziwe mahali ambapo bahari haionekani wala haisikiki, nako ni mji wa Adam.

Adam iko kiasi cha kilomita 60 kusini ya Nizwa, nayo ndiyo ya mwisho katika miji ya bara ya Oman kwa mtu anayeelekea kusini, kwa sababu akishaipita hakuna tena bustani wala kivuli, ila uwanda wa changarawe na mchanga unaokwenda mpaka Haima, na kutoka Haima mpaka Thumrait, ndipo ateremke Salalah. Kaskazini yake imejipanga safu ya vilima vikavu, Jabal Salakh na Jabal Mudhmar na wenzake, vimeinama kama mgongo wa ngamia aliyelala. Chini ya Mudhmar wachimbuzi wa Kifaransa walikuta majengo ya zama za chuma, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba ndani yake zimo silaha za shaba, shoka na majambia na pinde, na podo mbili zilizotengenezwa kwa shaba tupu pamoja na mishale yake, za miaka baina ya 900 na 600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na kwa kuwa podo ya shaba ni nzito mno kwa mpiganaji na upinde wa shaba haupindiki, inaelekea zilifanywa ziwe sadaka wala si za vita. Mtu aweza kustaajabu ni nini kiliwapeleka watu kuabudu mahali pakavu kama pale. Jibu langu ni jepesi: msafara utokao jangwani baada ya siku nyingi, ukiviona vilima vile, hujua kwamba nyuma yake yako maji.

Na maji ya Adam, kama ya miji yote ya bara ya Oman, ni maji ya hisabu. Falaji ikitoka chini ya ardhi huanza mahali pa kunywa, na hapo kila kiumbe ana haki, mwenyeji na mpita njia na mnyama wake, bila ya kuulizwa nasaba wala senti. Kisha hupita msikitini, na penye kuogea na kufulia. Ndipo iingie mashambani, na ikishaingia mashambani hakuna tena tone lisilo na mwenyewe. Kipimo chake ni athari, yaani nusu saa ya mkondo mzima, na athari ishirini na nne hufanya badda moja. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, usiku kwa kuchomoza kwa nyota walizozijua moja moja, na watu walisimama kwenye vizuizi vya mifereji katika kiza wakingojea nyota ya jirani itue na yao ipande. Athari hununuliwa, hurithiwa, huwekwa wakfu kwa msikiti au kwa chuo cha Qurani, na nyingine hupigwa mnada ili falaji yenyewe ipate gharama za kusafishwa. Wakili wa falaji ni mtu mwenye hadhi, na arifu anayegawa zamu ni mtu wa kuogopwa kidogo. Mtoto aliyekulia katika taratibu hizi hujifunza mambo mawili kabla hajajua kusoma: kwamba maji ndiyo mali, na kwamba kitu upendacho hukihisabu.

Katika mji huu ndimo aila ya Albusaidi ilimoanzia. Wenyeji humwonyesha mgeni mtaa wa kale wa Harat al-Jami', wenye nyumba za udongo zilizobanana, na humo msikiti unaonasibishwa na aila hiyo, wakimwambia kwamba hapo ndipo alipotoka Imamu Ahmad bin Said. Huyu alikuwa mtu wa biashara, si mtoto wa enzi. Na Imamu wa Kiyaarubi, Saif bin Sultan wa pili, alipomwona ana akili na ujasiri alimfanya liwali wa Suhar, kule pwani. Imamu Saif, akishindana na wapinzani wake, alifanya lile ambalo wafalme dhaifu hulifanya siku zote, akaita jeshi la kigeni limsaidie, na jeshi lenyewe likawa la Nadir Shah wa Uajemi, ambalo lilipokwisha kuingia halikuona sababu ya kutoka. Ahmad alizingirwa Suhar katika mwaka 1743 kwa miezi mingi, akastahimili, na alipowashinda Waajemi nchi nzima ikamtazama yeye. Akabaiwa Uimamu katika mwaka 1744 kwa hisabu iliyozoeleka Oman, ijapokuwa wako wanaoutaja mwaka 1749. Akafanya makao yake Rustaq, na huko akafa mwaka 1783, na kizazi chake kinatawala Oman mpaka leo, na Unguja kilitawala mpaka Januari 1964. Adam haikufanywa makao makuu hata siku moja. Mji uliozaa dola haukupata katika dola ile zaidi ya jina lake kutajwa katika nasaba, na nadhani hilo limeuhifadhi.

Sasa yule mgeni. Seyyid Said bin Sultan, mjukuu wa Imamu Ahmad, hakuzaliwa Adam. Kuzaliwa alizaliwa Samail, mwaka 1791, na ujana wake ulikwisha katika vita vya jamaa na vya makabila, akishika mamlaka mwaka 1806 katika Maskati, mji wa majabali meusi ambao joto lake la usiku liliwafanya wageni wautaje kwa kulaani. Mwishoni mwa mwaka 1827, akiwa mtu wa umri wa miaka thelathini na kitu, alitweka matanga kwenda Mombasa kuwatiisha Mazrui, aila iliyoushika mji huo, naye yumo katika Liverpool, manowari ya mizinga 74 iliyoundwa Bombay na kushushwa majini mwaka 1826. Mombasa, Januari 1828, alipatana na Mazrui mapatano yasiyodumu, akaweka askari wake ngomeni, kisha akashuka Unguja, ambayo ilikuwa yake tangu zamani kwa urithi na ambayo alikuwa hajawahi kuiona kwa macho.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba katika zama zile mgeni hakujichagulia muda wa ziara yake. Kaskazi ilimleta, na alikuwa hana budi kungoja kusi imrudishe. Kwa hiyo ziara fupi kabisa ya mtu wa Oman katika pwani ya Afrika ilikuwa ni ile ambayo bahari yenyewe imeikata. Seyyid Said alikaa muda huo, kiasi cha miezi mitatu, kisha habari za fitina za nyumbani zikamwita, akarudi Maskati. Lakini kabla hajarudi lilikwisha kuwa lililokuwa. Aliona nchi ambayo mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka bila ya kuombwa, minazi haina anayeimwagilia, maembe yanaanguka na kuoza kwa kukosa wa kuyaokota. Na juu ya hayo yote aliona, mwendo mfupi kaskazini ya mji, kijito kinachoshuka usiku na mchana, hakina wakili wala arifu, hakingojewi na mtu chini ya nyota, maji yake matamu yakimwagika baharini bure.

Hapo ndipo alipojenga. Angeweza kujenga mjini, karibu na forodha, na baadaye alijenga huko pia. Lakini kasri yake ya kwanza, iliyoanzwa baada ya ziara ile, ameiweka penye kijito, na ndiyo Beit al-Mtoni. Binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844 na ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1886 ameieleza nyumba ile kwa mapenzi makubwa: namna kijito kilivyopitishwa ndani yake, kikajaza mabirika ya kuogea kabla ya kufika baharini, na tausi na swala wakitembea uani, na baba yake juu ya roshani ya mviringo iliyoelekea bahari, akienda na kurudi, kichwa kakiinamisha, akichechemea kwa jeraha la vita. Msomaji wa Kizungu huona hapo anasa ya mashariki. Mtu aliyepata kuiona Adam huona kitu kingine kabisa, huona mjukuu wa watu wa falaji ambaye ameyapata maji yasiyo na zamu na hajui la kuyafanya ila kuyapitisha chumbani kwake. Hata alipokuwa mzee hakutosheka. Hamamu ile ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrizad, na ambayo bado imesimama, ni maji tena, juu ya kilima, kati ya mikarafuu.

Wako watakaosema kwamba mahaba haya ni maneno ya washairi, na kwamba Seyyid Said aliipendea Unguja bandari yake, na biashara ya pembe, na nafasi yake mbele ya bara. Siwapingi. Mwaka ule ule wa 1828 alikutana Unguja na mfanyabiashara wa Kimarekani, Edmund Roberts wa Portsmouth, aliyekuwa na malalamiko yake juu ya taratibu za forodha, akamsikiliza, na kutokana na mazungumzo yale ukazaliwa mkataba uliotiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833, Roberts akiwa sasa ni mjumbe wa serikali ya Marekani. Mtu aliyelewa kwa mapenzi hawezi kufanya mambo ya namna hiyo, watasema. Nami najibu kwamba wanamfikiria mpenzi wa hadithini, ilhali huyu ni mtu wa Oman ya bara kwa asili yake, na kwa watu hao kupenda na kuhisabu havijapata kugombana.

Bali hisabu ndiyo iliyokuja kuwa balaa. Mikarafuu ilikuwa imekwisha kufika Unguja, na aliyeshughulika nayo mwanzo ni Saleh bin Haramil, tajiri wa Kiarabu aliyekuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani. Seyyid akamnyang'anya mashamba hayo, kwa hoja ambazo wanahistoria wangali wakizijadili, na husimuliwa kwamba aliwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Basi maji yalikuwa hayahitaji tena kupimwa, na kipimo kikahamia juu ya miti, na kutoka juu ya miti kikahamia juu ya watu. Karafuu haichumwi na mvua. Waliochukuliwa Nyasa na Manyema na kwingineko, wakafikishwa Unguja kwa minyororo na kupigwa mnada sokoni, ndio walioifanya Unguja kuwa shamba la karafuu la dunia nzima, na hakuna kasri wala hamamu ya zama zile ambayo hawakuibeba mabegani. Mkataba wa 1845 uliipunguza biashara ile, wa tarehe 5 Juni 1873 uliipiga marufuku baharini na kuyafunga masoko, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Miaka sitini na tisa tangu ile ziara ya kwanza. Anayeyasifu mahaba ya Seyyid kwa Unguja bila ya kuitaja gharama hii hana tofauti na mtu anayeisifu falaji na kuwasahau wachimbaji.

Yeye mwenyewe hakuweza tena kutulia kwao. Alirudi Unguja mara kwa mara, kila alipopata nafasi baina ya uasi mmoja wa Oman na mwingine, kama ule wa Hamud bin Azzan katika Suhar. Mombasa akaishika mwaka 1837. Na kutoka mwaka 1840 makao yake yakawa Unguja hasa, na Maskati ndiyo ikawa mahali pa kuzuru. Akafa baharini, katika merikebu yake, tarehe 19 Oktoba 1856, akitoka Oman kwenda Unguja, na mwili ukaletwa kuzikwa Unguja. Wanawe wakaugombea urithi mpaka Waingereza wakaingia kati, na kwa hukumu ya Lord Canning ya mwaka 1861 Majid akachukua Unguja na Thuwaini Maskati, kwa sharti kwamba Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka, kwa kuwa sehemu moja ya urithi ilikuwa na maji na nyingine haina.

Nyuma ya Seyyid wakafuata watu wa kawaida, na hao ndio wanaonigusa zaidi. Kutoka Adam na Nizwa na Izki walikwenda kwa ngamia hadi Matrah, wa Sharqiya wakateremkia Sur, wakapanda majahazi kwa kaskazi. Albusaidi, Mahruqi, Harthi, Riyami, Barwani, majina ambayo leo yako katika kila mtaa wa Unguja na Pemba, na bara hadi Tabora na Ujiji. Aghalabu walikusudia msimu mmoja. Aliyeondoka kwao kwa msimu mmoja akazikwa Wete, akiwa na wajukuu wasiojua Kiarabu, ni mtu ambaye kila ukoo unaye. Wengine walipeleka mali nyumbani, na mtu akitaka kuiona aende Ibra, akatazame majumba ya mtaa wa al-Minzfah, milango yake na kuta zake zilizoinuliwa kwa fedha ya Afrika ya Mashariki. Adam majumba ya namna hiyo sikuyaona. Adam ilitoa watu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika mamlaka Julai 1970 na kuwaita wenye asili ya Oman warudi kuijenga nchi, mkondo ukageuka. Walirudi walimu, matabibu, wahandisi, makarani, wakirudi mahali ambapo wengi wao hawakupata kufika hata mara moja, na Kiswahili kikasikika katika ofisi za Maskati na katika masoko ya bara. Sultani wa mwisho wa Unguja, Jamshid bin Abdullah, yeye alikaa Uingereza zaidi ya miaka hamsini kabla ya kuruhusiwa kuingia Oman mwaka 2020, akafia Maskati mwishoni mwa 2024.

Mimi nilifika Adam asubuhi moja kwa gari kutoka Nizwa, wala sikulala. Nilitazamia kuuona mji wa kuhurumiwa, nikaona mji uliojitosheleza: mtu anatembea chini ya mitende katika ubaridi, maji yanakwenda kando ya mguu wake, na hatua moja nje ya ukuta wa mwisho ni jua na changarawe, bila ya kitu cha katikati kumtayarisha. Nchi yetu sisi haina mipaka mikali namna ile. Kwetu majani huota mpaka juu ya paa. Barazani nilikaribishwa tende na kahawa, na mzee mmoja, aliposikia lafudhi yangu, akaacha Kiarabu. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Wa wapi, wa mjini au wa shamba?" Nikamwambia wa mjini. Akauliza bei ya ndizi mzuzu, akauliza habari za skuli aliyosomea, kisha akauliza, "Na ule mto wa Mtoni, bado unashuka?" Nikamwambia unashuka, ila kasri imebaki magofu. Suala la kasri halikumshughulisha. "Maadamu mto upo," akasema, akanimiminia tena, na alipojua kwamba nakusudia kuondoka siku ile ile alinigombeza kwa dakika nzima, kwamba Waunguja wa siku hizi wanazuru kama posta.

Kwa kweli wanaozuru hivyo si Waunguja peke yao. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati ambapo kharifu huleta manyunyu na ukungu Salalah na vilima vya Dhofar kugeuka kijani, magari ya watu wa Oman na wa nchi jirani za Ghuba hupita Adam kwa maelfu, maana njia kuu ya kwenda kusini imepita hapo. Wanakwenda kutazama mvua. Watu wazima huegesha magari kando ya barabara, wakashuka, wakasimama katika manyunyu bila ya mwavuli, wakacheka. Na waliotoka Unguja wakifika huko hununua madafu na ndizi kwenye vibanda vya barabarani, wakatumiana picha, wakaambizana kwamba pamefanana na kwetu. Siku chache tu, kisha hurudi kwenye joto lao kwa njia ile ile, wakiwa wamekwisha kuulizia bei ya kiwanja. Adam husimama kutia petroli na kununua maji ya chupa, na mitende iko ng'ambo ya barabara.